Miiko ya Kambini: Wenye Usonji na Kazi ya Uchimbaji wa Kiakiolojia

Asiyejua maana haambiwi maana, walinena wahenga. Methali hii huwapendeza wengi kwa kuwa huipa lugha hadhi ya siri: anayestahili ataelewa, na asiyeelewa na abaki alivyo. Hata hivyo, ipo mahali ambapo hekima hiyo hugeuka kuwa dhuluma. Katika kambi ya wanaakiolojia, ambamo watu hulala, hula na kufanya kazi pamoja kwa majuma kadhaa, mambo mengi muhimu hayasemwi. Anayeyang'amua bila kuambiwa huonekana hodari. Asiyeyang'amua huonekana mzembe, mkaidi au mwenye kiburi. Miongoni mwa hao wa pili wamo wenye usonji. Baadhi yao huiacha taaluma hii si kwa kushindwa na udongo, jua wala vitabu, bali kwa kushindwa na mambo ambayo hakuna aliyejisumbua kuyatamka.

Kiswahili kina neno moja linaloweza kulibainisha tatizo hili barabara, nalo ni mwiko. Mwiko ni kifaa cha mwashi, na ndicho pia kifaa ambacho mwanaakiolojia hukwangulia udongo. Mwiko vilevile ni katazo, jambo lisilofanywa katika jamii fulani hata kama halikuandikwa popote. Kambi ya uchimbaji ina miiko ya aina zote mbili. Ile ya kwanza hugawiwa kila mtu siku ya kuwasili na kuhesabiwa kila jioni. Ile ya pili haigawiwi. Hoja ya makala haya ni kwamba viongozi wa uchimbaji hawana budi kuigawa miiko ya pili kama wanavyoigawa ile ya kwanza: waziwazi, kwa maandishi, kwa wote, tena kabla ya kazi kuanza.

Usonji na majina yake

Usonji si ugonjwa wa kuambukiza, si laana, wala si matokeo ya malezi mabaya au ya chanjo. Ni tofauti katika namna ubongo unavyokua, na mtu huishi nayo tangu utotoni hadi uzeeni. Hudhihirika katika mawasiliano na mahusiano, katika haja ya utaratibu unaotabirika, katika mapenzi makubwa ya jambo mahususi, na katika hisi. Sauti, mwanga, harufu au mguso ambao mwingine hautambui huweza kumwelemea mwenye usonji. Au kinyume chake, huenda asihisi kiu, joto au maumivu mapema inavyotakikana. Wapo wasiozungumza na wanaohitaji msaada wa kila siku. Wapo pia mafundi, wahandisi na wahadhiri. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 takribani mtu 1 kati ya kila watu 127 duniani alikuwa na usonji.

Kwa muda mrefu jambo hili lilichukuliwa kuwa la watoto tu. Daktari Grunya Sukhareva wa Moscow aliwaeleza watoto wa namna hii katika miaka ya 1920. Leo Kanner akaandika kuhusu watoto 11 nchini Marekani mwaka 1943, naye Hans Asperger akafuata mjini Vienna mwaka 1944. Watoto hao walikua, wakawa watu wazima, lakini taasisi hazikuwafuata kwa macho. Ndiyo maana hadi leo wapo wengi wanaofika chuoni au kazini bila kuwahi kuchunguzwa, wakijijua tu kuwa watu ambao daima huambiwa kwamba wamekosea mahali fulani pasipotajwa.

Katika Kiswahili, jina usonji limeenea. Wapo pia wanaopendelea tawahudi, neno lenye asili ya Kiarabu na lenye shina moja na tauhidi, shina la umoja na upweke. Jina la Kizungu nalo lilitokana na neno la Kigiriki lenye maana ya 'nafsi'. Majina hayo mawili yamebeba taswira ya mtu aliyejitenga kwa hiari yake. Taswira hiyo haina budi kutiliwa shaka. Wengi wenye usonji hutamani wenzi na marafiki, na upweke wao aghalabu hutengenezwa na wanaowazunguka. Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alitoa hoja mwaka 2012 kuwa mawasiliano yanapovunjika baina ya mwenye usonji na asiye nao, kosa si la upande mmoja: kila mmoja ameshindwa kuisoma nia ya mwenziwe. Mwanafunzi wa Kiswahili hapati taabu kuikubali hoja hiyo, kwani kitenzi elewana kimebeba kiambishi cha kutendana. Hakuna awezaye kuelewana peke yake.

Taaluma inayoandika kila kitu

Ajabu ni kwamba akiolojia, kwa asili yake, ni taaluma isiyoamini mambo yasiyoandikwa. Uchimbaji ni uharibifu uliopangwa. Tabaka likishaondolewa halirudi, na kinachosalia ni kumbukumbu zake. Kwa sababu hiyo kila tabaka hupewa nambari. Rangi ya udongo hulinganishwa na kitabu cha rangi cha Munsell badala ya kuitwa kahawia kwa makisio. Kina hupimwa kutoka sehemu moja isiyobadilika. Uhusiano wa tabaka na tabaka nao huchorwa kwa mtindo uliobuniwa na Edward Harris mwaka 1973, alipokuwa akishughulikia kumbukumbu za uchimbaji wa mji wa Winchester, Uingereza.

Pwani ya Kenya imefaidi matunda ya uangalifu huo. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton na wenzake walichimba katika miaka ya 1980 wakakuta, chini ya msikiti wa mawe, mabaki ya misikiti mingine iliyoutangulia, ile ya awali kabisa ikiwa midogo na ya miti, kuanzia karne ya 8. Miti yenyewe ilikuwa imekwisha kuoza zamani. Kilichosalia ni alama za mashimo ya nguzo, madoa ya udongo uliotofautiana rangi na udongo wa kandokando. Mchimbaji ambaye angeyapita madoa hayo bila kuyaandika angalifuta sura nzima ya historia ya Uislamu katika Uswahili.

Hali kadhalika, katika pango la Panga ya Saidi, Kaunti ya Kilifi, watafiti wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na washirika wao wa kigeni waliyapata mabaki ya mtoto wa umri wa miaka 2 na nusu hadi 3, aliyezikwa yapata miaka 78,000 iliyopita. Mifupa ilikuwa dhaifu mno kuweza kuguswa. Ilibidi bonge zima la udongo lifunikwe kwa plasta, litolewe, lipelekwe Nairobi na hatimaye maabara ya Burgos, Uhispania, likafunuliwe polepole. Taarifa ilipochapishwa mwaka 2021, ulimwengu ulimjua marehemu huyo kwa jina la Kiswahili: Mtoto.

Taaluma iliyo na subira kiasi hicho mbele ya doa la udongo haina kisingizio cha kutoandika saa ya chakula. Kiongozi ambaye hawezi kukubali neno kahawia katika fomu ya tabaka, kwa kuwa halina kipimo, hukubali bila shida kuwaambia wanafunzi wake kwamba 'kesho tutaanza mapema'. Hapo ndipo penye ukinzani unaostahili kukomeshwa.

Ni muhimu lakini kuepuka kosa la upande wa pili. Wapo wanaodhani kwamba kila mwenye usonji ana jicho la ajabu la kuona vitu vidogo, na kwamba kwa sababu hiyo amezaliwa kuwa mwanaakiolojia. Baadhi wana jicho hilo, wengine hawana. Penny Spikins wa Chuo Kikuu cha York, pamoja na wenzake, wamependekeza tangu mwaka 2016 kuwa watu wenye sifa za usonji walikuwa na mchango katika jamii za kale za binadamu, yumkini hata katika sanaa ya mapangoni. Nadharia hiyo ingali inajadiliwa, na si wote wanaoikubali. Iwe kweli au isiwe, haki ya mtu ya kushika mwiko haipaswi kusubiri ithibitishwe kwamba mababu zake walichora farasi ukutani. Mchimbaji asiye na usonji hatakiwi kuwa na kipaji cha ajabu ili avumiliwe. Mwenye usonji naye asitakiwe.

Kauli zisizo na kipimo

Kizuizi cha kwanza shimoni ni lugha. Maagizo mengi hutolewa kwa kauli kama hizi: 'Safisha hapo vizuri.' 'Punguza kidogo.' 'Ukiona mabadiliko, simama.' Mzoefu anajua kwamba kusafisha si kufagia, bali ni kukwangua uso wa udongo kwa ukingo wa mwiko mpaka rangi zitofautiane. Anajua 'kidogo' ni sentimita ngapi. Anajua kama mabadiliko yanayozungumziwa ni ya rangi, ya ugumu au ya vitu vilivyomo. Mgeni hajui. Wanafunzi wengi hubahatisha kwa kumtupia jirani jicho na kumwiga. Mwenye usonji huenda akalichukua neno kama lilivyosemwa: akasafisha hadi akaondoa nusu ya tabaka, au akasimama kila baada ya dakika mbili kwa kuwa kila kokoto ni badiliko. Au huenda akauliza, na swali lake likahesabiwa kuwa ujeuri.

Agizo hilohilo laweza kusemwa hivi: 'Ondoa sentimita 5 za udongo kutoka kamba hii hadi ile. Tumia mwiko, usitumie jembe. Ukikuta udongo mweusi au jiwe lisilotikisika, acha kuchimba uniite.' Kauli hii haihitaji hata nusu dakika, na hakuna mchimbaji, awe na usonji au asiwe nao, ambaye itamdhuru.

Saa nazo zina mtego wake. Kambi nyingi za Pwani hukusanya watu wa mataifa mbalimbali. Saa mbili asubuhi ya Mswahili ndiyo saa nane katika hesabu ya Mzungu, na wageni wanaojifunza Kiswahili hukanganya hesabu hizo kila siku. Juu ya mkanganyo huo huongezwa 'baadaye kidogo', 'sasa hivi' na 'tutaona', kauli ambazo kila mwenyeji hujua kuzipunguza au kuzirefusha kulingana na uso wa msemaji. Kwa mtu ambaye utulivu wake unategemea kujua kitakachofuata, siku nzima ya kauli hizo huchosha kuliko kubeba ndoo za udongo.

Pana pia desturi za heshima. Katika vijiji vya Pwani, anayefika kazini asubuhi bila kuwaamkia wazee huonekana amewadharau. Mwanafunzi mwenye usonji aliyetoka kwingine huenda akaenda moja kwa moja shimoni akiwa amezama katika kazi ya jana iliyobaki, bila chembe ya dharau moyoni. Dawa yake ni kumwambia mapema: 'Hapa kila anayefika huwaamkia wazee kwanza, shikamoo, kisha huchukua ndoo yake.' Dawa ya pili ni kuwaeleza wazee, iwapo mwenyewe ameridhia, kwamba mwenzao huyu hasemi mengi na kwamba ukimya wake si kiburi. Ikumbukwe pia kuwa orodha za dalili zilizoandikwa ughaibuni hazifai kunakiliwa kama zilivyo. Kutomtazama mkubwa machoni, ambako kwingine huhesabiwa kuwa alama ya usonji, ni adabu katika jamii nyingi za Afrika Mashariki. Anayetafuta wenye usonji kwa orodha ya aina hiyo ataishia kuwabandika jina waliolelewa vyema na kuwakosa wanaohitaji msaada.

Hakuna anayependekeza kwamba utani na mafumbo vifutwe. Lugha ya mafumbo ni hazina ya Waswahili, kuanzia mashairi hadi maandishi ya kanga. Lakini methali isemayo 'fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua' humhesabu asiyeligangua fumbo kuwa mjinga, na hilo ndilo kosa la kambi nyingi. Uwezo wa kuligangua fumbo la msimamizi si uwezo wa kusoma tabaka. Shimo lenye kina cha mita 2 si baraza la mafumbo.

Kelele, jua na hema

Kizuizi cha pili ni mwili. Chekeche hulia kutwa kwa mchanga na vigae. Sururu hugonga mawe ya matumbawe. Jenereta hunguruma usiku. Vumbi hukauka viganjani, mafuta ya kuzuia jua hunukia na kunata, na hema moja hulaza watu wanne. Wengi huzoea baada ya siku tatu. Mwenye usonji huenda asizoee, si kwa kudeka, bali kwa kuwa hisi zake hazipunguzi makali kwa mazoea.

Wengi wao huyaficha mateso hayo. Huiga wenzao kutwa nzima: hucheka wanapocheka, huketi motoni jioni wakati wa hadithi, huitikia kila wito. Nguvu zinazotumika katika maigizo hayo ni nyingi, na siku moja huisha ghafla. Hapo mtu hunyamaza kabisa asiweze kujibu, au hulia, au hupaza sauti na kuondoka. Kiongozi asiyejua hushangaa kwa kuwa 'jana alikuwa mzima'. Kumzunguka, kumshika mkono au kumkemea kwa wakati huo ni kumwongezea mzigo. Kinachofaa ni kupunguza kelele, kuwaondoa watazamaji, kumwachia muda na kutomdai maelezo mpaka atulie.

Hatua za kuzuia hali hiyo ni nyepesi. Picha za kambi, za hema na hata za vyoo zaweza kutumwa kwa wote majuma mawili kabla ya safari. Ratiba yaweza kuandikwa ubaoni, na kila badiliko kutangazwa mara tu linapojulikana, pamoja na kutaja yale ambayo hayatabadilika. Mti mmoja waweza kuteuliwa kuwa mahali pa kimya, ambapo anayeketi hasemeshwi wala haulizwi. Glavu na vizibo vya masikio vyaweza kuwekwa katika sanduku la vifaa, ikielezwa ni wapi havifai kuvaliwa kwa sababu za usalama. Yeyote apendaye kula peke yake na aruhusiwe bila kusimangwa. Mtu mmoja ateuliwe wa kujibu maswali, hata lile ambalo limeulizwa mara tatu.

Yapo na mema ambayo si mema. Viongozi wengine, kwa huruma, humpeleka mwenye usonji akaoshe vigae chini ya kivuli tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Kuosha vigae ni kazi ya heshima, na wapo wanaoipenda. Lakini mwanafunzi ambaye hakuwahi kuchimba, kuchora ukuta wa shimo wala kujaza fomu ya tabaka hurudi chuoni na cheti chenye pengo. Huruma ya namna hiyo ni kufukuzwa kwa upole. Mwenyewe na aulizwe anataka kujifunza nini, kisha kazi zipangwe kwa kuzingatia jibu lake.

Pingamizi na majibu yake

Wapo watakaosema kwamba uchimbaji ni kazi ya kuvumilia, na asiyeweza atafute nyingine. Kauli hii huchanganya ugumu wa aina mbili. Jua la Lamu ni la Mungu, na hakuna anayemtaka kiongozi alizime. Ratiba isiyojulikana, mzaha wa kuwaonea wageni na agizo lisiloeleweka ni vya kiongozi mwenyewe. Uvumilivu wa aina ya kwanza humkomaza mwanaakiolojia. Wa aina ya pili haumfunzi lolote ila kunyamaza.

Wengine watasema kuwa huo ni upendeleo. Pingamizi hili lingekuwa na uzito iwapo hatua zilizotajwa zingetolewa kwa mtu mmoja. Zikitolewa kwa wote, hakuna anayependelewa, na faida nyingine kubwa hupatikana: hakuna anayelazimika kujitangaza. Kumdai mtu cheti cha daktari kabla ya kumwandikia ratiba ni kumfungia mlango yule ambaye hakuwahi kumwona daktari, na yule ambaye anahofia, pengine kwa haki, kwamba jina hilo litamfuata katika kila ombi la kazi.

Pingamizi la tatu, la usalama, ni zito zaidi, na halipaswi kupuuzwa. Shimo lenye kina linaweza kuporomoka. Mtu asiyehisi kiu anaweza kuzirai juani. Asiyeweza kabisa kuvaa kofia ngumu hawezi kuruhusiwa mahali inapohitajika, na kiongozi hana budi kumkatalia kazi hiyo waziwazi na kumpa nyingine. Lakini katika hali nyingi usalama na uwazi huenda pamoja. Kambi iliyopanga kwamba kila mtu anywe maji kila baada ya nusu saa, na inayosema 'usisimame ndani ya mita 1 ya ukingo huu' badala ya 'jihadhari', humlinda mwenye usonji na kumlinda kila mtu.

Sheria na mfano wa kwingine

Jambo hili halikuachiwa hisani ya viongozi. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008. Katika mkataba huo, kumnyima mtu marekebisho yanayofaa, yasiyo mzigo kupita kiasi, ni ubaguzi. Ibara ya 54 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kufikia taasisi za elimu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 imefuatwa na sheria mpya ya mwaka 2025. Kambi ya uchimbaji ambayo mwanafunzi hupewa alama kwayo ni darasa. Kuta zake ni za udongo, lakini sheria ya darasa huifuata hadi huko.

Uingereza, ambako kampuni nyingi za akiolojia huchimba kabla ya majengo na barabara kujengwa, imeanza mapema kulijadili suala hili. Katika miaka ya 2000, Chuo Kikuu cha Reading kiliongoza mradi wa kuchunguza nafasi ya wanafunzi wenye ulemavu katika mafunzo ya uchimbaji. Badala ya kuorodhesha yale ambayo mwanafunzi hawezi, mradi huo ulitengeneza njia ya kila mwanafunzi kuupima uwezo wake mwenyewe kabla na baada ya uchimbaji. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 nayo inawalazimu waajiri kufanya marekebisho yanayofaa. Hata hivyo mikataba mifupi, na kuhamahama kutoka eneo moja hadi jingine, huweza kumrudisha mwenye usonji mwanzo kila baada ya majuma machache: kiongozi mpya, malazi mapya, miiko mipya. Funzo lililopo ni kwamba sheria peke yake haitoshi. Desturi ya kazi yenyewe haina budi kubadilika.

Desturi hiyo isiwasahau wanakijiji wanaoajiriwa kubeba udongo na kuchekecha. Huenda miongoni mwao wakawamo wenye usonji ambao hawajawahi kusikia jina hilo, watu ambao jamii imewazoea kwa kuwaita wapole au wagumu. Hao pia ni wachimbaji, na agizo lililo wazi ni haki yao sawa na ya mwanafunzi.

Wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili

Huenda msomaji akajiuliza suala hili linawahusu nini wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Linawahusu kwa sababu mbili. Mji wa kale wa Gedi, uliochimbwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948 na kuorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2024, ni sehemu ya historia ya Waswahili wenyewe. Anayezuiwa kuuchimba urithi huo amezuiwa kuingia nyumbani mwa lugha hii. Sababu ya pili ni kwamba kizuizi kikubwa kilichoelezwa hapa ni cha lugha, na wenye taaluma ya lugha ndio wanaoweza kukiondoa.

Vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kushirikiana na idara za historia na akiolojia kuandaa mwongozo mfupi wa kambi kwa Kiswahili sanifu na chepesi: istilahi za shimoni na maana zake, saa zilizoandikwa kwa namna isiyo na utata, desturi za kijiji kinachowapokea wachimbaji, na maagizo ya kawaida yaliyoandikwa kwa vipimo. Wenye usonji wenyewe washirikishwe tangu mwanzo, kwani wao ndio wanaojua ni kauli ipi iliyowaponza. Kurasa nne zingetosha, na gharama yake haizidi ya karatasi.

Mzigo ambao mwenye usonji hubeba kambini leo ni wa kukisia, kutwa kucha, yale ambayo wengine hawakutaka kuyasema. Mzigo huo unaweza kuondolewa bila kupunguza sentimita moja ya kina cha shimo wala alama moja ya mtihani. Asiyejua maana na aambiwe maana. Akishaambiwa, apewe mwiko wake, aachwe achimbe.